Reli Zilizofungwa na Wajenzi wa Treni Ndogo: Majibu kwa Wasomaji

Tangu tulipochapisha picha ya stesheni ndogo ya mashambani iliyojengwa na msomaji wetu kwa mbao nyembamba na mabati ya makopo, barua zimekuwa zikija kwa wingi. Tumechagua tano ambazo zinahusiana, na tunazijibu hapa kwa urefu unaostahili kila moja.

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba huko Uingereza na Ujerumani wapo watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao jioni hujenga reli ndogo za mezani, na kwamba wengi wao huziacha treni kubwa za mijini wakachagua vijia vya mashambani vilivyofungwa zamani. Kwa nini wapende kilichokufa? Na sisi wa Tanga tuna lolote la kufanya katika jambo hili? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu wa Ngamiani, ni kweli kabisa, na sababu ya kwanza ni ya nafasi tu. Stesheni kubwa ya mji ina njia nyingi sambamba na treni ndefu ambazo hata zikipunguzwa mara themanini haziingii chumbani, ilhali stesheni ya kijijini ina njia moja ya kupita, njia ya pili ya kupishana, ghala, tangi la maji na jukwaa fupi. Yote hayo hukaa juu ya ubao mmoja. Tena katika stesheni ya namna hiyo kazi nzima ya reli inaonekana: kichwa cha treni kinafika na mabehewa mawili ya abiria na matatu ya mizigo, behewa moja linakatwa na kusukumwa ghalani, gadi anapunga bendera, treni inaondoka. Mtu akiitazama kwa nusu saa anaelewa reli hufanya nini.

Sababu ya pili ni msiba. Mwezi Machi 1963 Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la Uingereza, alitoa ripoti iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na kiasi cha kilomita 8,000 za njia, nyingi zikiwa za mashambani, kwa hoja kwamba malori na magari yalikuwa yamezichukulia mizigo na abiria wake. Sehemu kubwa ya mapendekezo hayo ilitekelezwa. Watoto waliokuwa wakipanda treni kwenda shule waliamka wakakuta mataruma yanang'olewa, na walipokuwa watu wazima wakaanza kuzijenga upya mezani zile stesheni walizonyang'anywa. Hata kabla ya Beeching hali ilikuwa imeanza. Reli nyembamba ya Lynton na Barnstaple, katika jimbo la Devon, ilifunguliwa mwaka 1898 ikafungwa Septemba 1935, na baada ya treni ya mwisho mtu mmoja aliweka shada la maua mwisho wa njia, likiwa na maneno ya kusema kwamba huenda reli haijafa bali imelala. Reli ziliuzwa, na kichwa kimoja cha treni kikasafirishwa hadi Brazili. Lakini wapenzi wake hawakuiacha: waliipima, wakaichora, wakaijenga kwa udogo mara nyingi kuliko njia kubwa nyingi za nchi hiyo, na mwaka 2004 treni halisi zikarudi katika kipande kifupi pale Woody Bay. Naamini kwamba wale waliokuwa wakiijenga mezani miaka yote hiyo walikuwa na sehemu yao katika kufufuka kwake, kwa kuwa walihifadhi vipimo na hamu.

Sasa nirudi kwetu. Reli kuu ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, haijafa. Treni za mizigo zilirudi Moshi mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka huo huo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi kwa njia ya Korogwe na Mombo, kisha Arusha mwaka 2020. Waliokufa ni watoto wake. Amekufa mtoto wa Sigi, reli yenye upana wa milimita 750 kati ya chuma na chuma, iliyotoka Tengeni, karibu na Muheza, ikapanda kwa kilomita 23 hivi hadi Sigi, chini ya Amani, ili kushusha mbao za misitu ya Usambara. Umekufa mtambo wa kamba wa Mkumbara, uliokuwa ukiteremsha magogo ya miti ya Shume kutoka juu ya mlima hadi kando ya reli. Na vimekufa, kimoja baada ya kingine, vijia vya mashamba ya mkonge, vyenye upana wa milimita 600 mara nyingi, ambavyo vilibeba majani kutoka shambani hadi korona, yaani mtambo wa kusindika majani na kutoa nyuzi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Nyuzi za viwandani zilipoishusha bei, mashamba yakaingia majani, na vyuma vya vijia vile vikaishia kuwa nguzo za uzio na mihimili ya vibanda. Mtu wa Tanga anayetaka kujenga reli ndogo ya mashambani iliyofungwa hana haja ya kuazima ya Devon.

Ndugu Mhariri, ningependa kuanza, lakini nachanganyikiwa na vipimo. Reli yetu ni ya mita moja, na vifaa vinavyouzwa nje ni vya reli za Ulaya. Nichague uwiano upi, na niwe na nafasi kiasi gani? — Msomaji, Chumbageni, Tanga

Uwiano unaotumika zaidi duniani ni wa 1 kwa 87, na treni zake nyingi hukimbia juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5, kwa sababu zinaiga reli ya Ulaya ya milimita 1,435. Reli yetu ya milimita 1,000 ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na kwa bahati nzuri zipo reli za milimita 12 zinazotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa njia za mita moja, kama zile za milima ya Uswisi. Reli ya Sigi inakuwa milimita 8.6, kwa hiyo zile za milimita 9 zinafaa vizuri. Kijia cha mkonge cha milimita 600 kinakuwa milimita 7 kasoro kidogo, na hapo itakubidi utafute zile za milimita 6.5 au, kama mimi ninavyopendelea, ujenge kijia kisichotembea: vyuma viwili vilivyolazwa kwenye udongo, toroli tatu zimejaa majani, basi. Treni isiyotembea si aibu. Wapo mafundi hodari ambao hawajawahi kuunganisha waya hata mmoja.

Usijaribu kuijenga njia nzima. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, na hata kwa uwiano huo ungehitaji meza ya zaidi ya kilomita 4. Chukua ubao wa sentimita 120 kwa 40. Huo ni sawa na uwanja wa mita 104 kwa 35, yaani kituo kidogo chenye jukwaa, kibanda cha tiketi na mwisho wa kijia cha shamba. Treni yako iwe na kichwa na mabehewa mawili tu, na pale reli inapotoka nje ya ubao uifiche nyuma ya mwembe. Mwembe huo usiupunguze. Nimeona mifano mingi ambamo nyumba imejengwa kwa kipimo sahihi halafu mti umekuwa kichaka, na mara moja mtu aliyewahi kusubiri treni huku bara anajua kwamba si kwetu. Mwembe wa mita 17 ni sentimita karibu 20. Uuache uitawale stesheni, kwa sababu ndio uliokuwa ukumbi wa abiria.

Mkonge ndio utakaokuchosha, na ndio utakaoupa ubao wako mahali pake. Katika mashamba yetu mkonge hupandwa kwa mistari miwili miwili: mita moja kati ya mstari na mwenzake, mita 4 za njia ya kupita wakataji, na sentimita 80 kati ya mche na mche, ambayo inaleta mimea 5,000 kwa hekta. Kwa uwiano wa 1 kwa 87 hiyo ni milimita 11.5, milimita 46 na milimita 9. Ukitenga nusu ya ubao wako kwa shamba, utahitaji mimea karibu 900, kwa hiyo anza mapema. Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye upana wa milimita 17, upasue meno membamba yenye ncha kwa mkasi mkali, uuzungushie kwenye ncha ya njiti yenye gundi, kisha uyafungue majani kwa ukucha. Rangi isiwe kijani cha mgomba. Changanya kijani na kijivu na tone la buluu. Kwa mimea iliyokwisha vunwa acha sehemu ya chini wazi na uichore makovu, kwani kigogo cha mkonge uliokatwa majani hufanana na nanasi. Hapa na pale simamisha mlingoti wa maua wa sentimita 7, ambao ni sawa na mita 6 za kweli, lakini uwe katika shamba lililotelekezwa tu, kwa sababu mkonge ukishachanua unakaribia kufa na msimamizi mzuri hauachi.

Udongo usinunue. Chukua wa Muheza wenyewe, ule mwekundu, uuanike, uuchekeche kwa kitambaa cha kanga kuukuu, uupashe moto ili wadudu wafe, kisha uunyunyize juu ya gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na tone la sabuni ya vyombo. Kwa majani marefu ya kando ya tuta tumia nyuzi za katani zilizokatwa fupi. Wenzetu wa Ulaya huzinunua dukani kwa kazi hiyo hiyo, nasi tunazo zinapeperuka barabarani. Kwa paa la bati tandaza karatasi ya fedha ya jikoni juu ya nyuzi za skurubu nene, ukandamize kwa kidole, nayo inatoka na migongo yake yote.

Ndugu Mhariri, sisi wa Bagamoyo hatukupata reli hata siku moja. Je, hatuna mahali katika jambo hili? — Msomaji, Dunda, Bagamoyo

Mnapo. Serikali ya Wajerumani iliuhamisha makao yake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na ilipoanza kujenga reli ya kati mwaka 1905 ilianzia Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na njia ya misafara iliyokuwa ikiishia kwenu ikanyamaza. Lakini reli ambazo hazikujengwa nazo zina wajenzi wake. Mwingereza John Ahern alibuni reli nzima ya kijijini ambayo haikuwahi kuwapo, akaiita Madder Valley, na leo inatunzwa katika jumba la Pendon, huko Long Wittenham, ambako wageni huenda kuitazama. Jengeni stesheni ya Bagamoyo kama ambavyo ingekuwa, karibu na Ngome Kongwe, nyumba za mawe ya matumbawe zikiipakana. Sharti moja tu, kila kilichomo kiwe kingeweza kuwapo.

Ndugu Mhariri, nasoma safu hii na ninasikitika. Reli hizo zilijengwa na mkoloni kwa jasho la babu zetu, na mashamba ya mkonge yaliwala vijana kutoka nchi nzima. Mnatamani nini hapo? — Mwalimu mstaafu, Lushoto

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ni nzito, na sitaki kuizunguka. Kodi ya kibanda iliwekwa mwaka 1898 ili mtu alazimike kutafuta fedha, na fedha ilikuwa shambani kwa mzungu na kwenye tuta la reli. Baadaye manamba waliletwa kutoka mbali, na tangu mwaka 1944 ilikuwapo ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, kwa kazi ya kuwaandika na kuwasafirisha, wengi wakishushwa katika stesheni hizi hizi tunazozizungumzia. Mtu akijenga stesheni ya Korogwe yenye maua, jukwaa safi na bwana mweupe mwenye kofia, akaacha foleni ya manamba waliokaa juu ya vifurushi vyao, amejenga uongo, hata kama vipimo vyake ni sahihi hadi milimita ya mwisho.

Lakini ruhusu nikupinge katika jambo moja. Reli haikubaki ya aliyeijenga. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya mwaka 1977 ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki na Shirika la Reli Tanzania likaanzishwa, madereva, stesheni masta, mafundi na magengi ya kutunza njia walikuwa watu wetu, wakaishi na kusomesha watoto kwa mshahara wa reli. Mama wa Mombo aliuza machungwa dirishani. Mwanafunzi wa Same alikwenda shule kwa daraja la tatu. Wanaoikumbuka reli kwa mapenzi hawamkumbuki gavana; wanamkumbuka baba aliyerudi na taa ya mkono. Hata majina yaliyochorwa kwenye vile vichwa vikubwa vya mvuke vya daraja la 59, vilivyotumika katika njia ya Mombasa na Nairobi, yalikuwa ya milima ya Afrika Mashariki, na kimoja kilichohifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi kinaitwa Mount Shengena, mlima wa Wapare ambao abiria wa treni ya Tanga huupita. Kwa hiyo nasema wajenge, ila wajenge na nyumba za gengi, zile za chumba kimoja kando ya njia, na wachongaji wa watu wadogo wachonge wafanyakazi kabla ya kuchonga abiria. Katika uwiano tunaoutumia mtu mzima ana urefu wa milimita karibu 20, na mkunjo wa mgongo wa anayepiga nyundo unaonekana kabisa.

Shikamoo Mhariri. Baba yangu alifanya kazi stesheni za njia ya Tanga hadi alipostaafu. Mdogo wangu anataka kumjengea mfano wa stesheni yake, lakini baba si msemaji, na majengo mengine yameshabomolewa. Tumuulize nini? Na tukishajenga, kitadumu kwa hewa hii ya pwani? — Msomaji wa kike, Korogwe

Marahaba, mwanangu. Msimuulize reli ilikuwaje, kwa maana swali hilo ni kubwa na mtu asiye msemaji atajibu kwamba ilikuwa nzuri. Muulizeni alikuwa anasimama wapi treni ikiingia. Muulizeni mlango wa ofisi ulifunguka ndani au nje, kengele ilining'inizwa upande gani, simu ya kuulizana na stesheni ya jirani ilikuwa mezani au ukutani. Kwenye njia moja treni mbili haziwezi kuwa kati ya stesheni mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo stesheni masta alikuwa haruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa mbele athibitishe kwamba njia ni tupu, na dereva hakwendi bila kukabidhiwa kibali mkononi. Mwambieni awaonyeshe kwa mkono alivyokuwa akikikabidhi. Mzee akisimama na kunyoosha mkono, mwili wake utakumbuka mengi ambayo kinywa hakikupanga kuyasema, na mdogo wako aweke alama ya mahali miguu ilipo na upande uso unaoelekea.

Pelekeni karatasi na penseli, mchore mbele yake kwa makosa. Wazee wa reli walifundishwa usahihi, na mchoro wenye kosa hawauvumilii. Atachukua penseli mwenyewe. Jengo likiwa limebomolewa, nendeni kwenye msingi wake na utepe wa kupimia, kwa sababu msingi hubaki, na majengo ya stesheni ndogo katika njia moja mara nyingi yalifuata ramani moja, hivyo dirisha la stesheni ya jirani iliyosalia linaweza kuwapa kipimo cha lile lililokwisha. Kwanza mwombeni ruhusa mhusika wa stesheni, na msitembee juu ya njia, kwa kuwa treni zinapita. Kisha chagueni siku moja na saa moja, kwa mfano asubuhi ya mwezi Juni, mwaka ambao yeye alikuwa zamu pale, na kila kitu juu ya ubao kiwe cha saa hiyo: kivuli, nguo za watu, behewa lililosimama ghalani. Mfano unaochanganya miaka humfurahisha mgeni tu. Baba yenu atauliza mbona tangi la maji la vichwa vya mvuke lipo na treni ni ya dizeli.

Kuhusu hewa ya pwani, Korogwe mna nafuu kuliko sisi wa mjini, lakini chukueni tahadhari. Reli ziwe za aloi ya nikeli na shaba, si za chuma cha kawaida, ambacho hushika kutu haraka. Ubao wa tabaka upakwe vanishi pande zote, chini pia, kabla ya kuweka chochote juu, la sivyo masika utauvimbisha na reli zitapinda. Kati ya kipande na kipande cha reli acheni mwanya wa nusu milimita kwa ajili ya joto. Mfano usikae dirishani, maana jua la mchana hulegeza plastiki. Na kwa mchwa, wekeni miguu ya meza ndani ya makopo yenye oili chafu kidogo, mkague kila mwezi kwamba hakuna kamba, waya wala pazia linalogusa meza kutoka ukutani, kwa sababu hapo ndipo wanapovukia.